Bomba Moja Halitoshi

Mwenye tangi kubwa la samaki sebuleni akichoshwa na mlio wa bomba la kushushia maji, jambo la kwanza analofanya ni kupunguza pampu. Nyumba inatulia, lakini maji hayazunguki ipasavyo, hewa inapungua majini, na wanaoumia ni samaki kama Tropheus wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji ya miambani yanayopigwa na mawimbi. Inaniuma kuona hivyo, maana mlio huo unaweza kuondoka karibu wote bila pampu kuguswa. Kinachokwamisha ni maneno yanayopokezanwa kati ya mafundi na wauzaji, na baadhi yake huishia kumwaga maji sakafuni.

Ninazungumzia tangi lenye sampu, yaani tangi la pili lililofichwa kabatini chini, ambamo hukaa chujio, hita na pampu. Pampu hupandisha maji juu. Yanayozidi huvuka ukingo wenye meno, huingia katika kisanduku kilichojengwa kwenye kona ya tangi, na kutoka hapo hushuka kwa bomba hadi kwenye sampu kwa uzito wake yenyewe.

Dai linaloanza kila mjadala ni hili: “Maji yakianguka lazima yalie.” Si kweli. Maji yaliyojaza bomba lote, bila nafasi ya hewa, hushuka kimya. Kinacholia ni hewa. Bomba likiwa wazi juu, maji huambaa kwenye kuta zake na kuivuta hewa katikati. Yakiongezeka kidogo, yanaziba mdomo, na ghafla bomba zima linajaa na kuanza kunyonya, kama vile mtu anavyotoa mafuta kwenye dumu kwa mpira. Mnyonyo huo unakomba maji ya kisandukuni kwa kasi kuliko pampu inavyoyaleta, mdomo unabaki wazi, hewa inaingia kwa mkoromo, mnyonyo unakatika. Maji yanapanda tena na mchezo unaanza upya, usiku kucha. Huko chini mapovu yanapasuka na kurusha matone kwenye mfuniko na kwenye plagi. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni hewa inaingilia wapi.

Hapo ndipo wengi hujibu: “Basi weka bomba nene zaidi.” Bomba nene lisilojaa lina hewa nyingi kuliko bomba jembamba lisilojaa. Tuchukue tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50, ambalo ni kama lita 270, na pampu inayofikisha juu lita 2,000 kwa saa. Bomba la inchi moja likijaa maji matupu, na tofauti ya kimo kati ya maji ya kisandukuni na ya kwenye sampu ikiwa sentimita 70, linaweza kushusha lita 3,000 kwa saa au zaidi hata ukihesabu elbo mbili njiani. Bomba hilohilo likibeba maji na hewa pamoja, mimi nisingelipa zaidi ya lita 1,000 nikitarajia utulivu. Tofauti hiyo yote imeletwa na hewa. Unene una faida yake kwenye bomba la dharura, ambalo nitalifikia.

Dai la tatu lina ukweli ndani yake, na nitalitendea haki. Wapo wanaosema kwamba ukiweka tii juu ya bomba, ukageuza mdomo utazame chini ndani ya maji, kisha ukatoboa tundu dogo kwenye kifuniko cha juu, kazi imekwisha. Mtindo huu unajulikana kwa jina la Durso, na kwa tangi dogo lenye mzunguko wa taratibu ni mzuri. Tundu linaruhusu hewa kidogo iingie muda wote, hivyo mnyonyo hauanzi na kukatika. Ukitaka kuona linavyofanya kazi, liwekee ncha ya kidole. Mlio unakata papo hapo na maji ya kisandukuni yanashuka mbio. Toa kidole, hewa inaingia kwa sauti nyembamba na maji yanapanda tena. Tatizo ni kwamba umetuliza bomba kwa kulilisha hewa, na hewa hiyo itatokea kwenye sampu kama mapovu. Ukiongeza pampu, mkoromo unarudi. Ukilipanua tundu, sauti ya hewa inaongezeka. Tena ni bomba moja tu: likiziba, hakuna njia nyingine ya maji.

Sasa tufike kwenye dai linalonikera kuliko yote, kwa sababu linatolewa kwa ujasiri na linasikika kama busara: “Usifunge kamwe valvu kwenye bomba la kushushia, utafurikisha nyumba.” Kama bomba ni moja, nakubaliana nalo kabisa. Lakini palipo na bomba la pili, valvu ndiyo inayoleta kimya. Njia iitwayo Herbie inatumia mabomba mawili. La kwanza mdomo wake umezama ndani kabisa ya kisanduku, na chini lina valvu. Unalibana mpaka liweze kupitisha kiasi kilekile kinacholetwa na pampu, maji ya kisandukuni yanasimama juu ya mdomo wake, hewa inakosa pa kuingilia, na kimya kinashuka. La pili mdomo wake uko juu zaidi, sentimita chache chini ya ukingo, likisubiri.

Watu huuliza inawezekanaje kulinganisha valvu na pampu hadi tone la mwisho. Haiwezekani, na wala haihitajiki, kwa sababu maji yenyewe yanajirekebisha. Yakizidi, kimo kinapanda kisandukuni, msukumo unaongezeka, bomba linapitisha zaidi. Ila kimo hakina nguvu kubwa, na hapa ndipo hesabu inapofaa kuliko maneno: mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha kimo. Ili bomba lipitishe asilimia 2 zaidi, kimo lazima kiongezeke kama asilimia 4, yaani karibu sentimita 3 kwa kimo chetu cha 70. Pampu ikipungua nguvu kwa asilimia 5 kwa sababu ya uchafu, maji ya kisandukuni yatashuka karibu sentimita 7. Kama mdomo wa bomba ulizama sentimita 5 tu, hewa inaingia na mkoromo unarudi. Ndiyo maana nasisitiza mdomo uzame vya kutosha, na pampu isafishwe kabla haijachoka.

Ndiyo maana pia koki ya mpini mmoja, ile bol valvu inayofungwa kwa robo mzunguko, haifai kazi hii ingawa ni rahisi na imejaa maduka ya Gerezani, Kariakoo. Ukiisogeza kidogo tu, mtiririko unabadilika mno. Nunua geti valvu, ile ya gurudumu unalozungusha mara nyingi. Izungushe kidogo, ondoka, rudi baada ya muda utazame maji yamesimama wapi. Anayeirekebisha akiwa amekikodolea macho kisanduku hufukuzana na kimo ambacho bado kinasafiri.

Kwa mwenye nafasi ya matundu matatu, mimi humshauri mtindo wa BeanAnimal bila kusita. Bomba la kwanza linanyonya kama nilivyoeleza. La pili liko wazi kwa hewa na linapokea kile kidogo kinachozidi, utepe mwembamba wa maji unaoteleza ukutani bila sauti ya maana. La tatu ni kavu. Kwa kuwa la pili linameza mabadiliko ya pampu, valvu haihitaji kuguswa mara kwa mara. Katika matangi yanayokaa sebuleni, sijaona mpangilio unaoupita huu.

Na hilo bomba kavu? “Ni tundu la bure, mbona la kwanza halijawahi kuziba!” Halijawahi, mpaka jani refu la mmea lijikunje mdomoni, au konokono aliyepanda ukuta wa kisanduku aingie na kujibana kwenye valvu iliyofunguliwa nusu tu. Valvu iliyobanwa ndiyo mahali pembamba kuliko pote kwenye njia ya maji, kwa hiyo kila uchafu utakwama hapo. Pampu haijui kwamba njia imeziba. Itaendelea kupandisha maji hadi chumba chake ndani ya sampu kikauke, na maji yote hayo yatakuwa juu yanatafuta ukingo wa kioo.

Bomba la dharura lisiwe na valvu wala kichujio mdomoni, na kwa hili sina mjadala. Liwe nene kama la kwanza au zaidi. Mwisho wake wa chini uishie juu ya maji ya sampu, siyo ndani, ili siku likianza kazi lipige kelele. Katika mfumo wote huu ndilo bomba pekee ambalo kelele yake tunaitaka, kwa kuwa ndiyo itakayokuamsha. Halafu ulijaribu: pampu ikiwa inafanya kazi, funga geti valvu yote, na usiondoke. Maji yapande, yaingie kwenye bomba la dharura, yasimame chini ya ukingo wa tangi na yabaki hapo. Fundi asiyekubali jaribio hili mbele yako hajamaliza kazi.

Wengine hukwepa kutoboa kioo kwa kununua kisanduku cha kuning'iniza chenye mrija wa umbo la U, wakiambiwa kinalingana na tangi lililotobolewa. Hakilingani. Mapovu hukusanyika juu ya mrija taratibu, mnyonyo unakatika, na pampu inaendelea. Matangi mengi yanayojengwa na mafundi wetu wa vioo ni ya kioo cha kawaida cha dirisha, ambacho hutoboka vizuri kwa keekee ya almasi na maji ya kupooza. Kisichotoboka ni kioo cha tempa, kile kinachosagika chembechembe, na mara nyingi huwa kwenye sakafu ya matangi ya dukani. Muulize muuzaji kabla ya kugusa keekee. Tenki konekta ikishakaa, raba yake iwe upande wenye bega la konekta, na kaza kwa mkono tu na kidogo zaidi. Anayekaza kwa spana ndefu anapasua kioo.

Umeme nao una dai lake: “Weka valvu ya kuzuia maji kurudi, hata umeme ukikatika huna wasiwasi.” Valvu hiyo inategemea kipande cha ndani kikae safi, na chembe moja ya mchanga inatosha kukiacha wazi. Pampu ikizimika, bomba la kupandishia linageuka na kunyonya maji kutoka tangini hadi pale mdomo wake utakapopata hewa. Kwenye tangi letu la sentimita 120 kwa 45, kila sentimita moja ya kimo ni lita 5.4. Mdomo ukizama sentimita 4, zitashuka karibu lita 22. Ukizama sentimita 15, ni lita 81, na sampu chache zina nafasi hiyo. Uweke mdomo juu karibu na uso wa maji, uache nafasi kwenye sampu, kisha hesabu maji ya kisandukuni pia. Valvu ukitaka iweke, ila usiitegemee.

La mwisho linahusu kule chini. Husemwa kwamba bomba linalonyonya likizamishwa hadi sakafu ya sampu litakuwa kimya zaidi. Likishaanza kunyonya, kina hicho hakiongezi kimya chochote, lakini wakati wa kuwaka kinaleta shida: hewa iliyomo bombani inapaswa kusukumwa nje, na kadiri maji ya kuisukumia yalivyo marefu ndivyo inavyokataa kutoka, mpaka maji yafike kwenye bomba la dharura. Sentimita 2 au 3 chini ya uso wa maji zinatosha. Bomba liende wima kadiri iwezekanavyo, na palipo lazima lilale, lilale kwa mteremko, maana kipande kilicholala sawasawa huhifadhi hewa.

Fundi akimaliza, zima pampu mwenyewe ukiwa umesimama karibu na taulo. Subiri maji yaache kushuka, pima sampu imebakiza nafasi gani, washa tena. Kwa dakika ya kwanza au zaidi utasikia mkoromo na kuona mapovu mengi yakitoka, kisha yatapungua na kuisha bila mtu kugusa valvu. Rudia. Kama kuna mara moja ambapo bomba limeshindwa kuanza kunyonya lenyewe, usimlipe fundi salio la kazi, kwa sababu umeme utakatika pia saa ambazo hakuna mtu nyumbani.