Plake ya miaka 25, kifungo cha mwaka mmoja: nani anamdanganya nani?

Bukavu, Kivu ya Kusini – Simama Nyawera, ao panda hadi Cimpunda, kisha inua macho. Mabati ya mji huu yamejaa plake za jua. Ziko juu ya saloni za kunyoa, juu ya vibanda vya kuchaji simu, juu ya makanisa, vituo vya afya na nyumba za Muhungu. Sasa tazama chini ya plake hizo. Nyaya zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, nyingine zimelala juu ya bati, nyingine zinapigapiga upepo ukivuma kutoka ziwani.

Hiyo si bahati mbaya. Mafundi wetu wengi hufunga nyaya hizo kwa vifungo vyembamba vya plastiki nyeupe, vile vyenye meno vinavyojikaza vyenyewe, kwa sababu ndivyo rahisi kupata sokoni. Mwenye nyumba halalamiki, maana siku ya kwanza kila kitu kinaonekana safi. Fundi analipwa, anashuka ngazi, anaondoka. Baada ya misimu michache ya jua vifungo vinakatika kimoja baada ya kingine, na hakuna anayepanda kuangalia.

Ninasema wazi: kazi ya namna hiyo haijamalizika, na fundi anayeiita kazi iliyomalizika anamuibia mteja.

Tuanze na jua lenyewe. Bukavu iko karibu na mstari wa ikweta, kwenye urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari. Miale ya jua isiyoonekana, ile inayochoma ngozi na kufifisha rangi ya nguo, huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Nailoni nyeupe ya kawaida haikutengenezwa kuvumilia miale hiyo. Inageuka manjano, inakauka, halafu inavunjika kama kijiti. Vifungo vyeusi vilivyotengenezwa kwa ajili ya jua vinaishi muda mrefu zaidi, kwa sababu masizi ya kaboni yaliyochanganywa ndani yake huzuia miale. Lakini si kila kifungo cheusi ni cha namna hiyo. Kingine kimepakwa rangi tu ili kifanane.

Kuna mafundi wanaonijibu: «Chini ya plake ni kivuli, jua halifiki.» Si kweli. Asubuhi na jioni jua linaingia kwa upande, na mchana bati lenyewe linarudisha mwanga juu. Tena joto la chini ya plake linaweza kupita digrii 60 siku ya jua kali. Juni hadi Agosti plastiki inakauka. Septemba mvua inarudi, upepo unavuta nyaya, na kifungo kilichochoka kinaachia.

Waya ukianguka, kinachofuata si sura mbaya tu. Ukingo wa bati unakata kama kisu. Waya unaosuguliwa hapo kila siku na upepo unachunika ngozi polepole. Viungio vinavyounganisha plake vikilala kwenye mfereji wa bati, maji ya mvua yanaingia. Na umeme wa plake si kama ule wa SNEL. Umeme wa SNEL hugeuka na kupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ina nafasi ya kuzimika. Umeme wa plake unakwenda upande mmoja bila kupumzika. Waya wa chanya na wa hasi wakichunika wote wawili kwenye bati moja, cheche inaweza kuendelea kuwaka maadamu kuna jua. Plake kubwa za siku hizi hutoa volti 40 hivi kila moja. Ukiunganisha nne kwa mfuatano, unakaribia 160. Na huwezi kuzima plake kwa kuzima konvertisa.

Kila mkaaji wa Kadutu anajua namna moto unavyoruka kutoka nyumba ya mbao hadi nyumba ya jirani, na anajua kwamba gari la kuzima moto halipiti katika vijia vyetu. Tumezoea kulaumu nyaya za SNEL. Nyaya za plake tutamlaumu nani, na sisi wenyewe ndio tulizinunua?

Kuna na radi. Uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 uliweka eneo la karibu na Kabare, hapa jirani yetu, kuwa la kwanza Afrika na la pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Waya wa chanya na wa hasi zikiachana na kufanya duara kubwa juu ya paa, radi inayopiga hata mbali kidogo inaweza kusukuma umeme ndani ya duara hilo na kuunguza konvertisa. Nyaya hizo zikifungwa pamoja, bega kwa bega, duara linapungua na hatari inapungua. Kifungo kizuri ni sehemu ya kinga.

Basi tufunge kwa nini? Si kwa waya wa kufungia vyuma vya beto, kwa maana unashika kutu na unakata ngozi ya nyaya. Si kwa vipande vya mpira wa tairi ya ndani ya pikipiki, maana vinapasuka juani. Kinachofaa ni vifungo vya inoksi, chuma kisichoshika kutu, vilivyovikwa plastiki ili visikate waya. Kama vya kuvikwa havipatikani, fundi azungushie nyaya kipande cha mpira kwanza, ndipo akaze inoksi juu yake, bila kubana kupita kiasi. Vipo pia vibanio vya chuma vinavyong'ang'ania ukingo wa fremu ya plake na kushika nyaya mbili pamoja. Na kama mfuko hauruhusu, basi angalau vifungo vyeusi vya jua, vinene, na mtu wa kupanda kuvikagua kila mwaka kabla ya mvua ya Septemba.

Najua jibu la mafundi: «Mteja hataki kulipa.» Mara nyingi ni kweli. Lakini mteja hawezi kulipia kitu ambacho hakuna aliyemtajia. Fakture inaonyesha plake, betri, konvertisa na kazi ya mikono. Vifungo havionekani hata kwa mstari mmoja. Ndugu fundi, viandike. Mweleze papa ao mama mwenye nyumba kwamba plake yake ina garanti ya miaka 25, na kwamba vifungo vyote vya paa lake ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri moja. Akikataa, hiyo ni haki yake, lakini akatae akijua.

Kwa mashirika yanayoweka plake kwenye vituo vya afya, sina huruma hata kidogo. Mnakuja na mabango, mnapiga picha siku ya kukabidhi, mnaondoka. Muuguzi anabaki na friji ya chanjo na taa ya chumba cha kujifungulia zinazotegemea nyaya zilizofungwa kwa plastiki ya kufungia mifuko. Andikeni aina ya vifungo ndani ya mkataba, na msilipe malipo ya mwisho kabla mtu wenu hajapanda ngazi na kutazama chini ya plake.

Tumechoka na giza la mji huu, ndiyo maana tumenunua jua kwa pesa zetu wenyewe. Wiki hii, mwiteni fundi wenu arudi na ngazi, na muulize kila nyaya imeshikwa na nini.