Mtu na Saa Yake

Wasomaji vijana hutuuliza: mtu kuonyesha nafsi yake tu, ni sanaa gani hiyo? Twawatajia Tehching Hsieh, mzaliwa wa Taiwan, aliyekuwa akiishi New York bila kibali. Tokea 11 Aprili 1980 hata 11 Aprili 1981, kila ilipotimia saa, usiku na mchana, aligonga kadi kama mfanyakazi wa kiwandani, akajipiga picha moja. Alianza hali amenyoa kichwa. Picha zile ziliunganishwa zikawa filamu ya dakika kama sita, na humo nywele zaota zikarefuka machoni petu. Je, wa mwisho ndiye yule wa kwanza? Katika saa 8,760 zilimpita 133, na 94 katika hizo kwa usingizi. Waamkao alfajiri hawatamcheka.