Kibali Si Adui wa Utafiti

Lawama moja husikika vyuoni kila mwaka: "Kamati ya maadili imetuchelewesha." Nakuomba, mwanafunzi wangu, uipime kabla ya kuirudia, kwani mara nyingi anayelaumu ndiye aliyechelewa.

Tazama Lunyo, wilayani Busia, upande wa Uganda. Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Huoana, huzikana na hukutana sokoni. Mbu naye hana pasipoti. Katika eneo jirani la Tororo, vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikadiria kwamba mkazi aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Nani atasema kwamba utafiti wa malaria hauna haraka hapa?

Haraka ipo, lakini njia yake inajulikana. Uganda, andiko la utafiti hupitia kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kenya, hupitia kamati yake, kisha huombewa leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Dawa mpya ikijaribiwa, mamlaka za dawa nazo zina lao la kusema. Hatimaye mtafiti hubisha hodi kwa viongozi wa wilaya na wa kaunti. Anayetafiti pande zote mbili za mpaka hupanda ngazi mbili. Kwa nini basi mtu apeleke maombi Februari, ilhali anataka kuwapima watoto katika mvua za Machi hadi Mei?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anza na siku ya kumpima mtoto wa kwanza, uhesabu kurudi nyuma: wiki za barua za wilaya, miezi ya baraza, marekebisho ambayo kamati haikosi kuyadai, kikao ambacho aghalabu hufanyika mara moja kwa mwezi. Ukikikosa kwa siku moja, wangoja kijacho. Ongeza muda wa kutafsiri fomu ya ridhaa kwa Kisamia, au kwa Kidhopadhola ukienda Tororo. Utagundua kwamba kazi ya masika huanza mwaka uliotangulia.

Wapo wanaonong'ona: "Tuanze tu, karatasi zitafuata." Huo ni wizi. Kumbuka Tuskegee, nchini Marekani, ambako tangu 1932 hadi 1972 wanaume weusi mamia waliougua kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli, na wakanyimwa penisilini hata ilipokuwa tiba inayojulikana. Hakuna kibali kinachoweza kurudi nyuma kikahalalisha damu iliyokwisha kutolewa.

Hapa lugha yetu yatusaidia kufikiri. Kibali hutolewa na ofisi; ridhaa hutolewa na mtu. Kibali cha Kampala au cha Nairobi hakimlazimishi mama wa Lunyo kuutoa mkono wa mwanawe uchomwe sindano. Kinampa tu hakika kwamba, kabla ya mgeni kufika mlangoni pake, kuna mtu mwingine aliyeuliza: hatari ni ipi, na faida ni ya nani?

Wala sizitetei ofisi zinazolala. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Na kamati inayokaa kimya kwa miezi huku malaria ikiendelea kuua haiwezi kujificha nyuma ya neno maadili. Kamati itangaze tarehe za vikao vyake, iseme jibu litachukua siku ngapi, na itimize ahadi hiyo. Raia ana haki ya kudai hivyo, kwa kuwa ucheleweshaji usio na sababu nao humdhuru mgonjwa.

Lakini mdai naye awe ametimiza wajibu wake. Ukiwa unapanga utafiti wa mwaka ujao, fungua kalenda leo, uandike tarehe ya kikao kabla ya tarehe ya safari. Muda huo hukuporwa na kamati. Tangu mwanzo ulikuwa wa yule mama.