Chyulu: usitume pesa yote kabla hujaona kitanda

Tangu barabara ya Kitui hadi Kibwezi iwekwe lami, watu wengi wa Kitui hushuka huku wikendi kuona Milima ya Chyulu. Mbuga hii ya taifa ilianzishwa 1983, lakini ndani yake ni hema kuliko vitanda, na loji za pembeni si za mfuko wa kila mtu. Basi wengi hulala Kibwezi au Mtito Andei, na chumba hutafutwa kwa simu.

Hapo ndipo utasikia: "Tuma yote saa hii, kuna mwingine anangoja." Usikubali. Kwa maoni yangu, tuma kidogo tu ya kushika chumba. Salio lipa ukishafika, umeona kitanda, maji na kufuli. Mwenyeji mwaminifu hapotezi kitu.

Omba nambari ya till ya gesti, si ya mtu binafsi. Jina likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kuweka PIN. Halilingani? Simama hapo hapo, upige simu uulize. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi. Na kiingilio cha mbuga hulipwa eCitizen, usimpe mwenye chumba akulipie.

Nanyi wenye vyumba, chukueni till. Mgeni akitapeliwa mara moja Kibwezi, safari ijayo atapita moja kwa moja akalale Voi, na hasara ni yetu sote.