Uzamili wa Walimu Garissa: Utafiti Uanzie Darasani

Chuo Kikuu cha Garissa kilichipuka kutoka chuo cha walimu, na kikapata hati ya kujitegemea mwaka wa 2017, miaka miwili baada ya shambulio lililoua watu 148 humo. Kufikiria shahada ya uzamili kwa walimu, basi, ni kurejea kwenye asili yake. Lakini wanaopima haja ya shahada hiyo wasitosheke kuhesabu walio tayari kulipa karo.

Walimu wengi wa kutoka nje waliihama Kaskazini Mashariki baada ya shambulio la basi la Mandera, Novemba 2014. Wengine waliondolewa baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Januari 2020. Kuna shule ambako pengo hilo lilizibwa na vijana waliomaliza kidato cha nne tu. Iwapo mwalimu mwenye digrii atapata uzamili kisha autumie kuingia ofisini Nairobi, chuo kitakuwa kimelipanua pengo lile lile.

Watafiti na waende wadi ya Iftin, wakae nyuma ya darasa la kwanza. Kisomali hakina sauti ya p. Mtoto huona "papa" akasoma "baba", samaki akageuka mzazi, naye mwalimu hutia alama ya kosa pasipo kujua kwamba huo si uzembe, ni mfumo wa sauti wa lugha ya nyumbani. Kozi ya kumwezesha mwalimu huyo kulichunguza darasa lake mwenyewe, isomwe wakati wa likizo bila ya kuiacha shule, ningeiunga mkono hata wangejiandikisha watu kumi.