Mkufunzi, anza na daftari la mtoto
UBAO NA CHAKI
Na Rehema Mshindo

Mwalimu mwanachuo anayekwenda mafunzo kwa vitendo kwa mara ya kwanza huwa na hofu moja: darasa litanishinda. Anawaza sauti yake, mavazi yake, na lile swali gumu litakaloulizwa mbele ya watu. Kelele zikishatulia, hofu inahamia kwenye azimio la kazi: nitamaliza mada? Baadaye sana, tena si wote, ndipo anamwona mtoto wa karibu na dirisha ambaye tangu Jumatatu hajaandika kitu.

Frances Fuller, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, aliliandika jambo hili mwaka 1969: wasiwasi wa mwalimu mgeni huanza na nafsi yake, wa mwalimu mzoefu huelekea kwa mwanafunzi. Sina ugomvi naye. Nagombana na sisi tunaowachelewesha vijana kwenye hatua ya kwanza.

Tazama ukaguzi unavyokwenda. Mkufunzi anafika na fomu yake, anaketi nyuma, anapitia andalio la somo, zana, mpangilio wa ubao. Kipindi kikiisha anajaza alama, anatia sahihi, anawahi gari la shule nyingine. Mwanachuo si mjinga. Anajua kinachompa alama. Siku hiyo chati zinang'aa, na maswali yanakwenda kwa wale watano wenye majibu. Kwenye nafasi ya tathmini, wapo walioandika "wanafunzi wengi wameelewa" tangu usiku, kwa kalamu ileile iliyoandika utangulizi. (Wakufunzi wanalijua hili. Nao waliwahi kuwa wanachuo.)

Wapo watakaosema namdai kijana makubwa. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa mengi ya umma yamefurika kupita uwiano wa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, atamjua nani? Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwenye umati ndiko mtoto hupotea, na ndiko kijana huyu atakakopangiwa kazi.

Wakufunzi, mkienda kukagua safari hii, ombeni madaftari ya watoto wa dawati la nyuma kabla hamjaomba andalio. Mwulizeni mwanachuo majina yao, nani kati yao hajui kusoma, na amemfanyia nini. Alama nyingi zaidi zitoke hapo.