Injini ya kabureta ikisita, kabureta iguswe mwisho

Injini ya petroli ya zamani ikisita dereva anapokanyaga mafuta, kisha ikachangamka ikishapata kasi, kosa huwa kwenye moto, kwenye hewa au kwenye petroli. Kwa mwenye Land Rover Series III au Land Cruiser FJ40 huko Magomeni, Kilosa, hilo si kosa la kuvumilia. Masika yakiingia, tope la bonde la Mkondoa hupitwa kwa gia nzito, magurudumu yote manne yakivuta na injini ikizunguka polepole. Ikisita hapo huzimika, na gari huzama hadi ekseli.

Mzunguko ukiwa wa chini, kipepeo cha kabureta kimekaribia kufunga. Hewa inayopita ni kidogo, haina kasi ya kuvuta petroli kwenye jeti kuu, kwa hiyo injini hulishwa na vitundu vya sailensi, yaani vya mzunguko wa chini usiokanyagiwa mafuta, vilivyo pembeni mwa kipepeo. Kwa ulaji mdogo namna hiyo, chembe moja ya vumbi au ufa mwembamba wa gasketi hubadili mchanganyiko wote. Jeti kuu ikianza kumwaga, kosa lilelile hufichika.

Mafundi wengi hukimbilia kufungua kabureta. Ni mwanzo mbaya, kwa sababu jeti ikichokonolewa kwa waya tundu lake hupanuka, na gari lililokuja na tatizo moja huondoka na mawili. Moto ukaguliwe kwanza. Kwenye injini ya 2F ya Land Cruiser, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, pointi za distributa huachana milimita 0.45; kwenye Land Rover ya lita 2.25 yenye distributa ya Lucas ni karibu milimita 0.4. Pointi zikilika nafasi hupungua, moto huchelewa, na injini inakuwa nzito mwanzoni. Kuna pia kile kikopo cha vakumu ubavuni mwa distributa, ambacho hakikumbukwi na mtu. Mpira wake ukinyonywa kwa mdomo, bamba la pointi lazima lisogee na kubaki liliposogea. Lisiposogea, mara nyingi utando wa ndani umepasuka.

Hewa ya wizi, ile inayoingia isikopaswa, ndiyo inayosumbua zaidi magari yaliyozeeka. Huingia chini ya kabureta, kwenye gasketi ya manifoldi, kwenye mpira wa busta ya breki, au kwenye ekseli ndogo ya kipepeo iliyolegea kwa miaka ya vumbi. Njia rahisi ya kuitafuta ni kunyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio hayo injini ikiwa sailensi. Mlio ukibadilika, hapo ndipo inapoingilia. Wapo wanaonyunyiza petroli. Hilo ni la hatari mno, maana katika injini zote mbili manifoldi ya moshi ipo upande uleule, chini ya ile ya hewa, na huwa ya moto sana.

Choki nayo hutoa ushahidi mzuri. Ikivutwa kidogo na kusita kukapungua, injini inakosa petroli au inavuta hewa ya ziada. Kukizidi, petroli imezidi au moto ni dhaifu.

Hapo ndipo zamu ya kabureta inapofika. Injini ikiwa imezimwa, chujio la hewa liondolewe na mkono wa kipepeo uvutwe: petroli inapaswa kuruka mara moja, kwa mchirizi usiokatika. Ikichelewa au ikitoka matone, pampu ndogo ya kabureta imechoka, na kusita kwa ghafla mara nyingi hutokana nayo. Kabureta za Aisin za Land Cruiser zina kidirisha cha kuonyesha kimo cha petroli, na nyingi zina valvu ya umeme ya sailensi inayopaswa kulia “tik” swichi inapowashwa. Jeti zisafishwe kwa upepo wa kompresa.

Petroli yenyewe isiaminiwe, hasa ya chupa za kando ya barabara. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubana uchakachuaji, lakini kinasaba hakimsaidii mtu aliyekwishajaza tangi. Tone moja kwenye karatasi nyeupe linatosha: petroli safi hukauka bila alama, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Maji hutuama chini ya chupa ya kioo petroli ikiachwa itulie.

Skrubu ya mchanganyiko hurekebishwa baada ya hayo yote, injini ikiwa imepata moto. Ikizungushwa ndani na nje bila mlio kubadilika, njia ya sailensi bado imeziba au hewa ya wizi haijapatikana, na kazi inarudi kwenye gasketi.